Kichujio cha Heshima

Kikao cha kusimama kilipaswa kuchukua dakika kumi na tano. Salamu peke yake zilichukua ishirini.

Kila asubuhi saa mbili na nusu, watu ishirini na wawili wa Mamlaka ya Malango ya Mto Ikondwe walijipanga duara mbele ya ukuta uliojaa karatasi za kunata. Kila mdogo akamwamkia kila mkubwa, kila mkubwa akaitikia na kuuliza habari za nyumbani, na habari za nyumbani zikatolewa kwa ukamilifu, maana Makambako si mahali pa kumtupia mtu salamu nusu ukageuka. Aliyebuni kikao hicho, huko alikokuwa, alidhani watu wakisimama watachoka miguu na kukatisha maneno. Hakuwahi kufika huku. Huku watu wawili wanaweza kukutana njiani na mizigo kichwani wakazungumza mpaka kivuli kihame upande wa pili wa barabara.

Restituta Kahemela alisimama na goti lake bovu, mikono ndani ya sweta, akijaribu kutomchukia mtu yeyote kabla ya chai. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Ishirini na tisa kati ya hiyo aliitumia kuandika programu zinazofungua na kufunga malango ya bwawa, kazi iliyozidi kuwa ngumu tangu mvua zilipoacha kufuata kalenda. Zamani aliandika peke yake, mlango umefungwa, redio imezimwa. Kisha ukaja utaratibu mpya wa kazi. Jina lake la kigeni lilikuwa Ajaili, ila mkurugenzi aliona linafanana na jina la ugonjwa wa mifugo, akaagiza uitwe Wepesi. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichokuwa chepesi.

Kazi sasa ziligawanywa katika mbio za wiki mbili mbili, japo hakuna aliyekimbia. Kila tatizo liliandikwa kwenye karatasi ya njano, likabandikwa, likadondoka, likabandikwa tena kwa gundi ya kawaida. Na hakuna tena aliyeandika peke yake. Waliandika wawiliwawili, mkubwa na mdogo kwenye meza moja, kila mmoja amevaa utepe wa kijivu kwenye paji la uso, na mashine iitwayo Pacha ikiwasikiliza wote wawili.

Siku hiyo ya Jumanne, baada ya za nyumbani kwisha, kocha wa Wepesi, Fidelis Nzowa, alipiga makofi mawili akasema kesho kitafanyika kikao cha kuangalia nyuma, kuhusu lile jambo la Lango la Nne. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, mwenye vyeti vingi na usingizi kidogo. Alisema ameshaandika muhtasari ili kurahisisha mazungumzo, akabandika karatasi katikati ya ukuta. Iliandikwa: Kihisi kilizibwa na tope. Hakuna wa kulaumiwa.

Duara zima lilitoa ile sauti ya kooni ambayo watu hutoa wanapokubali jambo wasilotaka kulijadili.

Lile jambo la Lango la Nne lilikuwa na jina, na jina lake ni Edson Msigala, fundi wa mifereji, baba wa watoto wanne. Siku nane kabla, saa tano asubuhi, lango la majaribio lilifunguka lenyewe yeye akiwa ndani ya mfereji. Maji yalimbeba mpaka kwenye wavu wa chuma na kumbana hapo. Aliokolewa akiwa hai. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Programu iliyofungua lango ilikuwa imeandikwa na Restituta na mwenzake, Atuganile Mwambene, binti wa miaka ishirini na saba. Atuganile alisimama kama kawaida hatua moja nyuma ya bega la Restituta. Restituta alipogeuka kumtazama, binti aliangalia chini, akaanza kukwangua rangi ya kucha ya kidole gumba. Alikuwa ameikwangua karibu yote.

Fidelis akauliza kama kuna yeyote mwenye kizuizi kwa ajili ya Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ambayo kazi ya miezi minne ya jozi zote kumi na moja, toleo la masika, ingewekwa kwenye malango yote kumi na mawili, na kutoka hapo malango yangejiendesha yenyewe. Wakubwa walijibu kwanza, kwa kufuata umri, kama ilivyo adabu. Hakuna kizuizi. Kisha wakajibu wadogo, na wadogo hawakuwa na kizuizi pia.

*

Restituta hakwenda kula mchana. Alifunga mlango wa chumba chake, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua kitu ambacho kwa siku nane alikuwa akikizunguka bila kukigusa. Kiliitwa kumbukumbu ghafi. Watu wawili tu walikuwa na ufunguo wake, kocha na yeye, mkuu wa waandishi.

Pacha ilifanya kazi moja. Mlipoandika mstari, ilipima kama vichwa viwili vimetulia juu yake. Vikitulia vyote, taa ya mezani iliwaka kijani na mstari ukapita. Kimoja kikiwa na shaka, taa iliwaka nyekundu na mstari ukakaa hapo mpaka mzungumze yaishe. Pacha ilipima shaka lakini haikuweza kuisoma. Ilijua mtu ana wasiwasi, haikujua wasiwasi wa nini. Waliotengeneza walisema ndiyo uzuri wake, kwa sababu inawalazimisha watu kuongea. Kwa ajili ya taa hiyo, Mamlaka ilifuta ukaguzi wote wa zamani. Kulikuwa na haja gani ya mkaguzi wa tatu, kama wawili wamekubaliana mpaka ndani ya fuvu?

Wiki ya kwanza kila taa ilikuwa nyekundu. Meza kumi na moja, taa kumi na moja nyekundu, kutwa. Restituta alikumbuka alivyokaa kutoka chai mpaka saa nane mchana akisubiri mstari mmoja upite, mstari ambao angeuandika akiwa usingizini, huku Atuganile pembeni yake akijibu kila swali kwa "sina neno, mama." Fidelis alichunguza, akagundua kwamba vichwa vya wadogo vilibana kila vilipokaa karibu na wakubwa. Akaja kumuuliza Restituta afanye nini. Na Restituta, ambaye siku hiyo uvumilivu ulikuwa umemwishia mpaka tone la mwisho, alimwambia kwamba hiyo si shaka, hiyo ni heshima. Kijana akikaa na mtu mzima lazima moyo umdunde. Itoeni hiyo heshima kwenye hesabu ili watu wafanye kazi.

Fidelis alicheka, akaliandika ombi vile vile. Baada ya siku tatu watengenezaji walileta kichujio. Kila mdogo alipokaa na mkubwa, kichujio kilipunguza kiasi fulani cha wasiwasi kabla ya Pacha kuhukumu. Restituta alitia sahihi. Kesho yake ofisi nzima iliwaka kijani na mkurugenzi akaleta keki.

Jozi ya Restituta na Atuganile iliongoza. Makubaliano tisini na nane kwa mia. Walipewa cheti, na Restituta, pamoja na kulalamika kwake kote, alikitundika ukutani na kukinyoosha kila kilipopinda. Aliipenda ile taa. Baada ya miaka ishirini na tisa ya kubishana na watu, hatimaye alipata mtu anayemwelewa.

Sasa alikuwa anatazama mistari miwili kwenye kioo, kila mmoja ukionyesha wasiwasi wa kichwa kimoja. Wa bluu ulikuwa wake. Ulikuwa bapa, mstari wa mtu asiye na tatizo lolote duniani. Wa machungwa ulikuwa wa Atuganile. Saa nne na dakika arobaini asubuhi, wiki mbili kabla ya ajali, mstari wa machungwa uliruka mpaka juu kabisa, ukakaa huko dakika sita. Chini yake Pacha iliandika: heshima imeondolewa, wamekubaliana.

Alijua bila kuangalia ni mstari gani wa programu waliokuwa wakiuandika. Vihisi, vile vifaa vya kupima mfereji, vilizibwa na tope kila mara na kunyamaza, lango likakaa limefungwa likisubiri jibu, na bwawa likajaa. Hilo lilimchosha. Basi aliandika kwamba kihisi kikinyamaza dakika kumi, programu ichukulie mfereji ni mtupu na ifungue lango. Mstari ule walikwisha kuufuta, siku ile ile Msigala alipofikishwa hospitali. Lakini Restituta alikuwa anatafuta kitu kingine. Aliiamuru mashine ihesabu, kwa jozi zote, ni mara ngapi mstari wa mdogo uliruka namna ile ukashushwa na kichujio.

Jibu likaja: sitini na tatu.

Alirudia hesabu. Ikatoka sitini na tatu tena. Shaka sitini na tatu zilikuwa ndani ya toleo la masika, hakuna anayejua za nini isipokuwa wenye nazo, na keshokutwa zingekwenda kukaa kwenye malango kumi na mawili juu ya bonde lenye watu.

*

Alimkuta Fidelis kwenye kantini, wali na maharage umepoa mbele yake. Hakushangaa kumwona. Alisema kabla hajaulizwa kwamba ameshaziona zile sitini na tatu, aliziangalia siku ya pili baada ya ajali.

Restituta alitaka kujua basi ile karatasi ya tope ukutani ni ya nini. Kocha alisogeza sahani. Alimkumbusha Sheria ya Malango, kana kwamba yeye hakuwepo ilipotungwa, kana kwamba hakuzika watu wa gharika ile iliyosababisha itungwe. Mwandishi yeyote atakayeona hatari akanyamaza, na mtu akaumia, ananyang'anywa leseni na kufikishwa mahakamani. Sheria haikusema chochote kuhusu mwandishi ambaye hakuona kitu.

"Ukiitoa hiyo kumbukumbu, mama, wa kwanza kuumia si mimi wala wewe," Fidelis alisema. "Wewe ulikosea tu. Yeye aliona. Unamfunga binti wa watu."

Restituta alijaribu njia nyingine. Kwa nini wasikizime kichujio kimyakimya, watu wakaanza upya? Fidelis alikuwa ameshaifikiria hiyo pia. Taa zote zingerudi kuwa nyekundu siku mbili kabla ya toleo, mkurugenzi angeuliza kwa nini, kumbukumbu zingefunguliwa, na njia zote zingeishia kwa Atuganile. Aliyasema haya kwa upole, kama daktari, na upole huo ulimkera Restituta kuliko kama angefoka. Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuona kosa katika hesabu yake.

Akikaa kimya, Alhamisi angeyaacha malango mikononi mwa shaka sitini na tatu. Akisema, angemteketeza mtu mmoja anayemwamkia kila asubuhi.

Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo kantini nzima ililiona.

*

Atuganile alikuwa mezani, utepe umevaliwa tayari, kalamu mbili zimepangwa sambamba. Alisimama Restituta alipoingia. Alisimama kila mara Restituta alipoingia, hata akitoka msalani, na Restituta hakuwahi kumwambia aache.

Alimwambia akae. Alimwambia avue utepe. Kisha akamuuliza, siku ile, saa nne na dakika arobaini, aliona nini.

Binti hakujifanya kutokuelewa. Alitazama kucha zake.

"Nilifanya mafunzo ya vitendo kwenye mifereji, mama. Miezi mitatu. Kihisi kikizibwa na tope unakichomoa kwanza, ndipo unakiosha. Kwa hiyo kikinyamaza muda mrefu, mara nyingi ni kwamba kuna mtu kakishika mkononi."

Msigala alikutwa na kihisi mkononi. Waliomtoa kwenye wavu walisema vidole vilikataa kufunguka. Restituta alikuwa amesikia habari hiyo siku nane zilizopita na hakuielewa mpaka dakika hii.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani umeshaliona. Miaka ishirini na tisa, mimi nikufundishe habari za kihisi? Nikasema moyoni labda kuna ulinzi mahali pengine kwenye programu, sijafika huko bado. Nikawa najishauri nikuulize vipi bila kukukosea adabu. Halafu taa ikawaka kijani. Nikaona hata mashine inajua sina hoja."

Hasira ilimpanda Restituta mpaka masikioni. Alimkasirikia binti kwa kula jiwe dakika sita nzima wakati mguu wa mtu ulikuwa hatarini. Aliwakasirikia waliomlea hivyo, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe amelea watatu hivyo hivyo na kusifiwa kanisani. Akabaki na mtu mmoja wa kumkasirikia, na huyo alikuwa na cheti ukutani.

Alikata shauri pale pale, haraka, kama alivyozoea. Taarifa ya ajali ilikuwa bado haijaandikwa, na taarifa nayo, kwa utaratibu wa Wepesi, huandikwa na wawili na kupitishwa na taa. Alikizima kichujio kwenye meza yao. Akavaa utepe, akamwambia Atuganile avae wake, akaanza kuandika kwa vidole viwili vyenye nguvu. Aliandika kwamba yeye, Restituta Kahemela, ndiye aliyeomba kichujio, na kwamba kazi za jozi zote zichunguzwe upya. Kisha akaandika kwamba mwandishi wa pili alieleza wasiwasi wake kwa mdomo, na mwandishi wa kwanza akaupuuza.

Aliutazama mstari huo na kuridhika nao. Ungesimamisha toleo. Kisheria, aliyeonya hana kosa. Yeye angebeba mzigo wote, na kwa umri wake angeubeba na kwenda nyumbani kupumzisha goti.

Taa ilikuwa nyekundu.

Alisubiri. Alimwambia Atuganile atulie, avute pumzi, hakuna anayemla. Taa haikubadilika. Alieleza tena, taratibu, kwamba mstari huu ni kwa faida yake, kwamba baba yake huko Tukuyu ataendelea kuiangalia bila aibu picha ya leseni ya bintiye aliyoitundika sebuleni. Nyekundu. Restituta alipiga meza kwa kiganja, akasema hizi tepe ni za kipumbavu na heshima hii itatuua sote, atulie basi mara moja.

"Nimetulia, mama," Atuganile alisema. "Nakataa."

Restituta aligeuza kiti. Katika miezi minne hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka upande ule wa meza.

"Nakuokoa, mtoto wewe."

"Hukuniuliza." Sauti ilikuwa ndogo, lakini iliendelea. "Tukiandika kwamba nilisema na ukanipuuza, wale wadogo wenzangu kumi watajifunza kwamba hata ukisema haisaidii. Watanyamaza zaidi. Na haikuwa hivyo. Kama ningesema ungenisikiliza, ungenigombeza kwanza, halafu ungenisikiliza. Sikusema. Msigala hana mguu kwa sababu uliandika wewe na sikusema mimi."

Kushindwa hoja na mtu wa umri wa bintiye wa mwisho kulimuuma Restituta mahali alipokuwa amesahau kwamba panauma. Alimwambia watampeleka mahakamani. Binti akasema anajua. Alimwambia huenda asiandike programu tena maisha yake yote. Hilo pia alilijua, na alipolisema machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Taa iliendelea kuwaka nyekundu juu ya meza. Baada ya muda Restituta aliuchagua mstari wake mzuri, akaufuta, akamsogezea Atuganile kibodi.

*

Jumatano, salamu zilichukua dakika ishirini na tano, kwa sababu mkurugenzi alikuwepo na ilibidi naye aulizwe za nyumbani. Kisha Fidelis, uso umemkauka, alisema tuanze kuangalia nyuma, na kwa mazoea akanyoosha mkono kumkaribisha mama azungumze kwanza.

Restituta alisema leo atazungumza wa mwisho.

Duara lilitaharuki. Wakubwa walitazamana kuona nani anafuata kwa umri. Mzee mmoja wa jozi ya Lango la Tisa alifungua mdomo kusaidia, Restituta akamtazama, akaufunga. Kikaja kimya. Restituta alikichukia kimya hicho, alichukia kila sekunde yake, kila mtu akisoma viatu vyake, na ilimbidi auume ulimi kabisa ili asikijaze yeye. Goti lilimuuma. Alitaka mno kusema jambo lolote lile.

Atuganile alitoka nyuma ya bega lake akasimama ndani ya duara.

Hakueleza mengi. Alisema aliona. Saa nne na dakika arobaini, mstari wa dakika kumi ulipoandikwa, alimwona mtu ndani ya mfereji waziwazi kichwani mwake, akanyamaza kwa sababu aliyekaa naye anamzidi umri. Alisema taa ilisema amekubali na hakuwa amekubali. Kisha akatoa leseni yake mfukoni. Hakujua aiweke wapi, akaangalia huku na huku, mwishowe akaibandika ukutani kwa ile gundi, juu ya karatasi ya tope.

Mkurugenzi aliuliza kama anaelewa alichokisema kisheria. Alijibu ndiyo, na akamwamkia kabla ya kujibu.

Ndipo Restituta akazungumza. Alisema nani aliomba kichujio na kwa maneno gani, akayarudia maneno yenyewe, na kila alipoyarudia yalikuwa mabaya zaidi. Alitaja idadi, sitini na tatu. Alisema Pacha haijui shaka hizo ni za nini, wanaojua wamesimama humu ndani, na wana mpaka kesho. Akaibandika leseni yake kando ya ile ya binti. Ilidondoka. Aliiokota akaibandika tena, akaikandamiza kwa gumba mpaka ikashika.

Mkurugenzi alimtazama Fidelis. Fidelis hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwenye mashine ya mlangoni, akakizima kichujio cha ofisi nzima, akawaomba watu wote wavae tepe na kulifungua toleo la masika. Taa zilianza kuwaka kwenye meza moja baada ya nyingine, na hakuna aliyehitaji kuzihesabu, kwa sababu zote zilikuwa nyekundu.

Maofisa wawili walioitwa na mkurugenzi walimchukua Atuganile kwenda kuandikisha maelezo. Walikuwa wapole naye. Mlangoni aligeuka akaaga wote kwa zamu, mkubwa mpaka mdogo, na safari hii hakuna aliyeona kwamba salamu zinachelewesha kazi. Mahali alipokuwa akisimama, hatua moja nyuma ya bega la Restituta, pakabaki wazi.

Kijana wa jozi ya Lango la Tisa, aitwaye Lusajo, alikuwa amekunja utepe mkononi. Alimtazama mzee wake. Mzee alitazama dirishani, kisha, shingo upande, akaashiria kwa kichwa kwamba sema.

"Lango la Tisa linamwaga kwenye kivuko cha soko," Lusajo alisema. "Programu inahesabu siku ya soko kuwa Jumamosi. Walihamishia Alhamisi tangu mwezi wa nane. Mimi hununua viazi pale. Kesho watu watakuwa wamejaa."

Hakuna aliyetoa ile sauti ya kooni. Lusajo akamgeukia Restituta, akauliza kama aendelee au awaachie wakubwa kwanza.

Restituta alivuta kiti, kinyume cha kanuni zote za kikao cha kusimama, akakaa, akamwambia aendelee.